Mama za Kisiwa cha Barafu

Kutoka Lindi mpaka Mawaleh, Maskati, nilitumia siku kumi na moja, na tatu kati ya hizo zilikwisha kabla sijauvuka Mto Rufiji. Masika yalikuwa yamekata barabara, na lori la mbao lililonipa lifti lilizama mpaka ekseli mahali pasipo kijiji wala duka, ila mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha kana kwamba aliambiwa tutakwama hapo hapo. Dar es Salaam nilingoja siku nne nipate muhuri wa daktari, na muhuri mwingine wa ofisi ambayo mpaka leo sijui kazi yake ni nini. Kisha ndege, kiti cha katikati, mpaka Dubai, huko nikalala siku mbili kwa mtu wa Kilwa ambaye alikuwa rafiki wa rafiki wa mjomba, kisha basi. Basi ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Milima ilikuwa na rangi ya chuma kilichoungua, haina hata kichaka, na kila tulipokata kona nilidhani nyuma ya mlima huu ndipo miti itakapoanza. Haikuanza. Mpakani, askari kijana aliisoma viza yangu, akaitazama mikono yangu, akauliza kitu kwa Kiarabu, na abiria mmoja akanitafsiria huku anacheka: "Anasema, mtunza bustani mwenye vidole laini hivi, bustani gani umewahi kulima?" Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha ya kaki, na mwandiko mzuri. Mwandiko ndio ulioniita.

Sikukusudia kuuandika mwaka ule. Tangu wakati huo nimeishi Salala, Doha, Beira, Mombasa, na miji mingine ambayo nilikaa muda wa kufua nguo zangu mara mbili tu, na kote huko nimejizoesha kufikiri kwamba kilichobaki nyuma kimebaki. Mwezi uliopita nilikuwa Mtwara, kwenye chumba cha kupanga chenye dirisha linalotazama ukuta, simu ikaleta sauti ya mwanamke. "Bakari, mie Raya. Baba katutoka Jumatatu." Nilikaa kitandani. Baba yake ni Nassor, mtu aliyenilipia safari ile yote na ambaye karatasi zangu za ukaazi zilikaa kwenye droo yake mwaka mzima. Raya akaendelea, pole pole, kama mtu anayesoma orodha asiisahau. Madaftari ya babu yake yapo manane, na watoto wanataka kuyapiga chapa. Mawili ya mwisho si mwandiko wangu. Na la sita lina ukurasa uliochanwa. "Kabla hajafa baba alinambia, muulize Bakari. Kilichokuwemo mle mie nnakijua. Maneno yenyewe sinayo. Wewe unayo?" Niliusikiliza ujumbe ule mara nne, kisha nikatoka kwenda kununua daftari.

Nyumba ilikuwa nyeupe, ya ghorofa moja juu, mwendo mfupi kutoka soko la matunda na mboga, na upepo ukigeuka tulipata harufu ya vitunguu na maembe yaliyoiva kupita kiasi hata milango ikifungwa. Bustani niliyopewa viza niitunze ilikuwa mitende miwili na mndimu. Kazi yangu halisi ilikuwa kwenye chumba cha chini, chumba cha Maalim Zahor, baba yake Nassor. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na macho yaliyokuwa yakizibwa na presha ya macho kidogo kidogo kutoka pembeni. "Kama mtu anavuta pazia kote kuwili," aliniambia siku ya kwanza. "Katikati bado nnaona. Wewe nnakuona pua." Daktari alikuwa amempa mwaka wa kuona, pengine chini ya hapo. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, mswala, kabati la vitabu vya lugha nisizozijua, meza yangu chini ya dirisha, na kiyoyozi cha zamani ambacho Nassor, mwenye gereji ya viyoyozi kule mtaa wa Ghala, alikuwa akiahidi kila wiki kwamba ataleta kingine.

Maalim alizaliwa Unguja. Ujana wake alipelekwa kusoma Denmark, na nyumbani kulipogeuka hakurudi. Alikaa kule miaka kumi na mitatu akifanya kazi kwenye maktaba, akipanga vitabu vya watu waliokufa zamani, mpaka Oman ilipowafungulia mlango watu wa asili yake. Kitabu alichotaka kukiandika, kabla pazia halijafungwa, kilihusu watu hao waliokufa zamani: Wanorwei, Wadenmark, Waingereza, Waayalandi, na watu wa Aisilandi, ambayo yeye hakuiita Aisilandi bali kisiwa cha barafu. Tena kwa Kiswahili. Nilimuuliza wiki ya kwanza nani atakisoma. Hakukasirika. "Watu wetu hapa Maskati wanajiona peke yao duniani. Wanasema, nani mwengine kavuka bahari, kaoa huko, karudi kwao na ulimi mwengine kinywani? Nnataka waone kuwa wenzao wapo. Tena wenzao wana baridi."

Kwa hiyo nilijifunza mambo ambayo shule ya Lindi haikuwahi kunitajia. Kwamba Wadenmark walipokwenda kuwapiga Waingereza walikaa, wakaoana nao, na Mwingereza wa leo akitaja yai, kisu au dirisha anatamka neno alilopewa na mtu aliyemchomea nyumba. Dirisha kwa watu hao lilikuwa jicho la upepo. Nililiandika hilo kisha nikageuka kulitazama dirisha letu, na Maalim, ambaye aliniona pua tu, akacheka. Kwamba watu wa kisiwa cha barafu walitoka Norwei, na lugha waliyotoka nayo ikabaki kisiwani karibu vile vile, huku Norwei kwenyewe ikigeuka kwa kuchanganyika na wafanyabiashara wa kusini. "Mtoto wa shule wa kisiwani leo anasoma aliyoyaandika babu yake wa miaka mia saba. Mnorwei umpe, anakodoa. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. "Hujaelewa. Kamsikilize mke wa Nassor akigombana na muuza samaki, kisha piga simu Unguja uwasikilize vijana. Ndo utaelewa."

Kulikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ndio uliotufikisha tulipofika. Tulifanya kazi baada ya sala ya alasiri. Maalim alisema, mimi niliandika, na hakusema kitu mara mbili. Kurudia ilikuwa kazi yangu. Kabla ya neno jipya lolote alisema, "Soma tulipoachia," na mimi nilisoma ukurasa wa jana kwa sauti, wakati mwingine wa juzi na wa juzi yake, mpaka kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa nazijua kurasa nzima bila kutazama. Na mgeni akiingia hatukuacha. Mgeni alipewa kahawa na tende, kisha Maalim akasema lile lile, nami nikamsomea mgeni. Aliutoa kisiwani utaratibu huo. Kule, alisema, kabla hawajajua kuandika walikuwa na mtu mmoja anayeibeba sheria yote kichwani. Kila kiangazi alisimama kwenye mwamba akaisoma theluthi yake mbele ya watu, na baada ya miaka mitatu inakwisha, anaanza tena. "Na inasemwa hivi, Bakari. Akiruka kipande, na katika wote wale hakuna aliyepinga, basi kipande hicho si sheria tena. Kimekwisha. Si kwa kuwa kimefutwa na mtu. Kwa kuwa watu wamenyamaza."

Chakula cha mchana nilikula jikoni na Juliet, Mganda wa Masaka aliyekuwa akitupikia, msichana wa umri wangu aliyesema maneno matatu ya kazi kwa Kiarabu na kutukana kwa lugha nne. Ijumaa nyumba nzima ilikula wali na nguru wa kukaanga, vipande vinene vyenye bizari na ndimu ya mti wetu, isipokuwa Maalim, aliyepelekewa kuku. "Huyu babu," Juliet alisema akinichagulia kipande cha mgongo, "Mungu amempa bahari hapo mlangoni, yeye kuku tu, kuku tu. Hajafika meza moja na samaki tangu nifike. Mimi nasema walimharibu Ulaya." Nassor alipoulizwa alisema ndivyo baba alivyo. Mkewe alisema ni aleji. Nililiweka hilo pembeni, pamoja na jambo jingine nililoliona la ajabu: kwamba Maalim, mtu asiyeuliza habari za mtu, aliniuliza habari za Lindi, tena si za mjini. Nyuma yake. Huko juu Rondo kukoje asubuhi? Ukungu unafika mpaka wapi? Watu wanalima nini? Nilimjibu nilichokijua.

Ulikuwa mwezi wa tisa wangu pale Raya alipokaribia kuposwa. Raya ndiye binti mkubwa wa Nassor, mfamasia, mwenye kicheko cha kupaliwa, yeye na kijana aliyemtaka walikuwa wanafanya kazi pamoja na wanapendana. Hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitamka. Watu wa kijana nao walikuwa na asili ya Unguja, Kiswahili chao kama chetu, lakini walikuwa watu wa kuuliza. Kabla ya kutamka lolote wangekuja wazee, wakae na wazee wa binti, wale, wanywe, na katikati ya mazungumzo wajue nasaba: nani kamzaa nani, upande wa baba na upande wa mama. Wakiona si kufu, si wa hadhi yao, hawakatai. Wanashukuru kwa halwa na hawarudi. Nassor alikuwa ameona binti wa jirani akifanyiwa hivyo, na yule binti mpaka leo yuko kwao. Tangu siku iliyopangwa ijulikane, nyumba ilibadilika sauti. Milango ilifungwa taratibu. Nassor alianza kurudi mapema kutoka Ghala, na mara mbili nilipoinua kichwa kutoka kwenye daftari nilimkuta amesimama nje ya mlango wetu, mikono yake ya fundi imening'inia, anasikiliza.

Wiki ile ile, kana kwamba alikuwa akiingojea, Maalim aliniambia nifungue ukurasa mpya kwenye daftari la sita. Nauandika hapa kama alivyousema.

"Watu wa kisiwa cha barafu waliandika majina ya baba zao mpaka babu wa kumi, na nani alishuka pwani gani. Lakini wengi wa wanawake waliowazalia hawakutoka Norwei. Walichukuliwa Ayalandi na visiwa vya jirani, wengine kwa ndoa, wengine kwa upanga. Watoto wao walisema lugha ya baba. Ya mama yakabaki majina machache ya watu na ya vilima. Na mimi ninayeandika haya nawaelewa watoto hao. Mama yake baba yangu aliitwa Zafarani na watu waliomnunua. Kwao aliitwa Chiku. Alitoka nyuma ya Lindi, juu, ambako asubuhi ukungu huingia mpaka ndani ya nyumba. Alivushwa bahari siku nne amelazwa juu ya vikapu vya samaki wakavu, na tangu siku ile hakutia samaki kinywani mpaka anakufa. Alinilea mimi miaka tisa, na kwa ajili yake sijatia. Baba yangu katika kitabu cha ukoo ana baba kumi na wawili na hana mama. Namtia hapa."

Kalamu ilikuwa imekwisha kusimama naye bado ameelekeza uso dirishani. "Nilimwambia Nassor aniletee mtu wa Lindi," alisema. "Akadhani nnataka mwandiko." Nikamuuliza kama nisome. Akasema hapana, leo basi, tutasoma wageni wakija. Wageni gani wengine wangekuja ila wale wa posa? Kesho yake tuliendelea na kondoo wa kisiwani, kwenye karatasi nyingine.

Nassor hakunikemea. Alhamisi asubuhi aliniambia nipande gari tukachukue vitu, tukaenda mpaka Bustan, akaegesha juu ambapo kijiji kinaonekana chini na hoteli moja kubwa ng'ambo, na hakuzima injini. "Nimeusoma," alisema. "Nimeingia chumbani wakati mnasali." Alizungumza akiutazama usukani. Kwa sheria, alisema, suria akizaa, mtoto ni wa baba yake, huru, nasaba haikatiki. Hilo baba analijua na yeye analijua. "Lakini wanaokuja kesho si sheria. Ni watu. Mie sina haya na bibi, Bakari, wallahi. Mie nna binti." Kisha akasema ukurasa ule usiwepo kesho. Hakutaja viza yangu, iliyobakiza miezi michache, wala droo yake. Alinunua maji baridi njiani akanipa chupa yangu kwanza. Nimekutana na watu wengi walionitishia maishani mwangu, na hakuna aliyeniogopesha kama mtu yule mwenye adabu.

Nilipofika, Raya alikuwa jikoni amevaa koti la kazini, anakula mkate wa ufuta kwa kusimama. Juliet alikuwa akiparua nguru wa kesho. "Bakari," Raya alisema, sauti ya chini, "baba kakwambia nini?" Nikamwambia. Akauweka mkate. "Mie simwambii mtu achane kitu cha babu. Nnakuomba kesho usisome tu. Mwambie unaumwa koo. Mwambie daftari limelowa. Siku moja, basi." Macho yake yalikuwa mekundu, na alipoona nimeyaona akageuza, akamwambia Juliet samaki ana magamba bado. "Yako macho ndiyo yana magamba, dada," Juliet alijibu, na wote wawili wakacheka kicheko kibaya cha watu wasiotaka kulia.

Sikumwambia Maalim naumwa koo. Hilo ndilo kosa langu, na nimelibeba miji yote niliyopita. Raya aliniomba siku moja. Nassor alitaka usiwepo, lakini ningeweza kuuficha, ningeweza kumpa daftari zima alifungie. Mimi niliogopa, niliiona ile droo, niliiona barabara ya Rufiji, na saa ambayo Maalim alikuwa bafuni anatawadha niliweka rula kwenye mshono wa daftari nikauchana ukurasa kwa mstari ulionyooka, kazi safi, kazi ya mtu mwenye mwandiko mzuri. Nikampelekea Nassor jikoni. Yeye hakuutazama. Aliuwasha kwenye jiko la gesi, akaushika mpaka ukamgusa vidole. "Bosi," Juliet alisema, "unachoma karatasi kwa moto wangu, nani atafagia?" Akafagia yeye.

Ijumaa walikuja wazee watano. Mkubwa wao, ami wa yule kijana, aliitwa Mzee Hilal, mtu mnene mwenye mzaha, kilemba kizuri, na macho yaliyofanya kazi muda wote mdomo ukicheka. Walikaa majlisi, sebule ya wageni, nami mlangoni na madaftari kama kawaida, maana kutokuwapo kwangu kungeulizwa. Kahawa ikazunguka. Nasaba ikaja katikati ya habari za bei za nyumba, kama ilivyo adabu, na Maalim akamtaja baba yake na wale kumi na wawili wa juu yake bila kuvuta pumzi mara mbili. Wazee wakaitikia mashallah. Nikamwona Nassor anapumua. Ndipo Maalim akageuza uso upande wangu. "Bakari. Soma tulipoachia, wageni wasikie."

Nikasoma. Nilisoma safari ya kutoka Norwei, watu kushuka pwani, majina ya watoto waliozaliwa kisiwani. Nikafunua, na bila kumeza mate nikaingia kwenye kondoo, manyoya yake, na jinsi watu wa kisiwani walivyoyasokota kuwa nguo. Mkono wa kulia wa Maalim ulikuwa gotini. Ukainuka. Ukasimama hewani kiasi cha shubiri moja, kiganja kikiwa wazi, na mimi niliendelea kusoma kondoo nikiutazama mkono ule, na Nassor akiutazama, na najua nyuma ya pazia la ndani Raya alikuwa akiutazama. Kisha ukashuka.

"Hebu, hebu," alisema Mzee Hilal. "Mwandishi wako anakimbia, Maalim! Wanaume wameshuka, mara wana watoto, mara wana kondoo. Wake zao wametoka wapi? Au kule kondoo ndo..." Wazee wakaangua kicheko. Maalim alingoja kicheko kiishe. "Hilo halijaandikwa," alisema.

Chakula kilipokuja, Mzee Hilal kwa heshima alichagua kipande kikubwa cha nguru kwa mkono wake akakiweka mbele ya Maalim. Maalim akakisogeza kando na kidole. "Huli samaki, Maalim? Mtu wa Unguja?" Kijiko cha Nassor kilisimama. "Daktari," Maalim alisema. "Daktari kanikataza." Mzee Hilal akasema madaktari wa siku hizi wanakataza kila kitamu, wakaendelea kula, na kabla ya alasiri fatiha ilisomwa na tarehe ikapangwa. Vigelegele vilitoka ndani kama kitu kilichokuwa kimefungiwa. Katika ujumbe wake wa mwezi uliopita Raya aliniambia kwamba alimwambia mumewe mwenyewe habari za Chiku, mwaka wao wa tatu, na mume akacheka sana: kwao pia yupo, tena wawili, na Mzee Hilal ndiye mjukuu wa mmoja wao. Sote tuliokuwa majlisi siku ile, basi, tulikuwa tumekaa juu ya ukurasa ule ule. Lakini siku ile hatukujua.

Wageni walipoondoka nilimrudisha Maalim chumbani kwake. Aliketi kitandani. "Tumeruka wawili leo," alisema. "Wewe ukurasa, mie samaki." Nikaanza kuomba radhi, akanizuia. "Na watu kumi walikuwepo. Hakuna aliyepinga." Kesho yake baada ya alasiri nilikaa mezani na kalamu. Hakusema kitu. Siku iliyofuata vile vile. Pazia la macho lilikuwa likiendelea kufungwa, daftari la sita lilibaki nusu, na kila siku nilikaa saa mbili nikimsikiliza mtu akinyamaza. Nassor alileta fomu ya viza mpya, ameshaijaza yote, imebaki sahihi yangu tu, na kiyoyozi kipya akakifunga mwenyewe. Wiki ya tatu nikamwambia nataka kurudi kwetu. Alisema nifikirie. Nikasema nimefikiri.

Siku niliyoondoka ilikuwa Jumanne, asubuhi, harufu ya vitunguu imejaa uani. Juliet alinifungia mkate na mayai, akasema Lindi nisiwaambie watu kwamba nilikuwa mtunza bustani, maana mndimu umekauka mikononi mwangu. Nilikwenda kumuaga Maalim. Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, ameelekeza sikio nje. Nassor alinifuata akasimama mlangoni na ufunguo wa gari. Nyuma yake, kwenye ujia, Raya alikuwa anavaa viatu vya kazini. Nikasema, "Maalim, nimekuja kuaga." Hakunyoosha mkono.

"Soma tulipoachia," alisema.

Nililichukua daftari la sita mezani. Lilifunguka lenyewe mahali palipochanwa, pale penye ukingo mwembamba wa karatasi uliobaki kwenye mshono. Nikalifunga. Nikasimama katikati ya chumba, mikono haina kitu, nikausoma ukurasa ule kutoka kichwani. Watu wa kisiwa cha barafu waliandika majina ya baba zao. Sauti yangu ilikuwa juu kuliko nilivyotaka. Walichukuliwa Ayalandi. Ya mama yakabaki majina machache. Nilisikia viatu vya Raya vimesimama. Mama yake baba yangu aliitwa Zafarani na watu waliomnunua, kwao aliitwa Chiku. Nyuma ya Lindi, juu, ukungu mpaka ndani ya nyumba. Alivushwa bahari siku nne. Hapo nikaiwaza ile barabara yangu, siku zangu kumi na moja, na kwamba mimi nilikuja na bahasha. Nikasema, alinilea mimi miaka tisa. Baba yangu ana baba kumi na wawili na hana mama. Namtia hapa.

Mkono wa Maalim ulikuwa umeinuka kutoka gotini, shubiri moja, kiganja wazi, kama siku ile. Haukushuka. Alikuwa akingoja, na hakuwa akiningoja mimi.

"Karuka samaki," alisema Nassor mlangoni.

Nassor akakohoa, akasema tena kwa sauti ya mtu anayezungumza na baba yake, "Samaki, baba. Kamruka."

Nikarudi nyuma nikausoma upya: siku nne, vikapu vya samaki wakavu, hakutia kinywani mpaka anakufa, na kwa ajili yake sijatia. Maalim akaushusha mkono, akaupapasa mkono wa kiti kama mtu aliyefika. "Haya," alisema. "Nenda, mwanangu. Ndege haisubiri."

Uwanja wa ndege ulikuwa karibu. Nilijutia ukaribu wake. Nassor alinitolea mkoba mwenyewe, akanipa pasi yangu kutoka mfuko wa kanzu, na kwa mkono wa pili akawa ananishika begani bila kuniachia, huku magari nyuma yetu yakipiga honi.

"Bakari," alisema, "ulikuwa ukimwandikia baba kwa kalamu gani?"

Nikaitoa mfukoni nikampa.